Gitaa Angani: Kimo, Ukavu na Mishtuko

Mpigaji gitaa wa Sombetini, jijini Arusha, anapoalikwa kwenda kupiga muziki ng'ambo, hupewa mawaidha mengi kabla ya kuondoka. Linalorudiwa kuliko yote ni hili: legeza nyuzi zote, kwa maana huko juu hewa ni nyepesi na gitaa litapasuka. Mawaidha hayo hutolewa kwa nia njema, na mara nyingi anayeyatoa amewahi kuliona kwa macho yake gitaa lililokwenda zima likarudi na ufa katika ubao wa mbele. Ufa ulikuwa wa kweli. Sababu iliyotajwa ndiyo isiyo ya kweli, kwani gitaa halipasuliwi na kimo. Katika makala haya tutamtafuta mkosaji halisi kwa kutumia fizikia ile ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Suala lenyewe si dogo. Gitaa kavu lililo zuri, yaani lile lisilotumia umeme, humgharimu mwanamuziki wa kawaida mapato ya miezi mingi, na kwa wengi ndilo jembe lao. Wala safari hizi si jambo geni kwetu. Mwaka 1970 bendi ya Morogoro Jazz, akiwamo mpigaji wake mashuhuri wa gitaa Mbaraka Mwinshehe, ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1988 Remmy Ongala na Super Matimila walikwenda Uingereza. Siku hizi vijana wanaopiga katika kwaya, katika hoteli za watalii na katika bendi za Arusha husafiri pia, wengine kwa siku chache tu, na wengi wao wana gitaa moja tu.

KIMO CHA SOMBETINI NA KIMO CHA NDEGE

Ndege kubwa ya abiria husafiri katika kimo cha mita 10,000 hadi 12,000 hivi. Lau abiria wangepumua hewa ya huko jinsi ilivyo wangezirai kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo ndege hushindiliwa hewa, na kanieneo ndani yake, yaani mgandamizo wa hewa, haiachwi katika safari ya kawaida kushuka chini ya ile inayopatikana mahali penye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika ndege za muundo mpya zaidi, kama Boeing 787 ambayo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuipokea mwaka 2018, kikomo hicho ni kama mita 1,800.

Na tulinganishe. Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni milibari 1,013 hivi. Jiji la Arusha liko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na hapo kanieneo ni kama milibari 856. Katika mita 2,400 ni milibari 756 hivi. Mwanafunzi akitoa hesabu hii ataona kwamba kutoka pwani hadi ndani ya ndege kuna tofauti ya milibari 257, na kwamba 157 kati ya hizo, yaani zaidi ya nusu, gitaa la Sombetini huishi nazo kila siku pasipo kulalamika. Kibanda cha Miriakamba, wanapolala siku ya kwanza wapandaji wa Mlima Meru, kipo kwenye mita 2,514. Basi mtu aliyekwenda kulala Miriakamba na gitaa lake mgongoni amekwisha kulipeleka katika kimo kinachozidi kile cha ndani ya ndege, na tena kwa miguu yake.

Wengine watasema: hayo ni ya chumba cha abiria, je, kule chini mizigo inakowekwa? Katika ndege kubwa za abiria sehemu ya mizigo nayo imo ndani ya ganda lile lile lililoshindiliwa hewa, na kanieneo yake ni ile ile. Huko huwa na baridi zaidi, lakini mgandamizo haubadiliki. Ndege ndogo zinazoruka kutoka uwanja wa Kisongo kwenda mbugani nyingi hazishindiliwi hewa hata kidogo, nazo huruka chini zaidi.

Jambo la mwisho kuhusu kanieneo ni tundu la sauti. Mfuko wa krispi uliofungwa Dar es Salaam hutuna kama puto ukifika Arusha, kwa sababu hewa iliyomo ndani haina pa kutokea. Gitaa kavu lina tundu kubwa katikati ya ubao wake wa mbele. Hewa huingia na kutoka, na kanieneo ya ndani husawazika na ya nje papo hapo. Ubao hausukumwi upande wowote. Kinachoweza kutuna ni sanduku lenyewe la gitaa, kama ni la aina isiyopitisha hewa. Ndiyo maana masanduku ya namna hiyo huwekewa kilango kidogo cha kupumulia.

MKOSAJI WA KWANZA: HEWA KAVU

Mbao, hata ikiwa imekatwa miaka mia iliyopita, hunywa na kutoa maji kufuatana na hewa inayoizunguka. Wataalamu huueleza unyevu wa hewa kwa asilimia: asilimia 100 ni hewa iliyoshiba mvuke, isiyoweza kuchukua zaidi, asilimia 50 ni hewa iliyochukua nusu ya mvuke unaoweza kuchukuliwa katika joto lile. Mbao ikikaa katika hewa ya asilimia 60 na joto la digrii 20 za Sentigredi, hutulia ikiwa na maji ya asilimia 11 hivi ya uzito wake mkavu. Ikihamishiwa katika hewa ya asilimia 20, hutulia kwenye asilimia 4 na nusu tu. Kila inapopoteza maji hunywea. Tena hainywei sawasawa: kwa urefu wa nyuzinyuzi zake haibadiliki karibu hata kidogo, bali kwa upana hubadilika sana.

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno, mara nyingi asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu yake ni nyepesi. Hewa hiyo huvutwa kutoka nje, ambako katika kimo cha mita 11,000 joto ni kama digrii 56 chini ya sifuri, na hewa ya baridi kiasi hicho haiwezi kubeba mvuke ila kidogo sana. Kuipasha moto hakuiongezei maji. Huiongezea uchu wa maji, nayo huyatafuta popote yalipo: katika midomo ya abiria, katika macho yao, na katika mbao.

Hata hivyo tusiharakishe kuihukumu ndege. Gitaa lililofungwa ndani ya sanduku lake lina hewa yake lilimotoka nayo, na mbao iliyopakwa vanishi hutoa maji polepole. Saa nane au kumi za safari hazitoshi kulidhuru. Madhara hutokea baada ya kutua, nayo hutokea katika nyumba yenye joto.

Tuseme mwanamuziki wetu amefika Ulaya ya kaskazini mwezi wa Januari. Nje kuna digrii 0, na unyevu ni asilimia 80. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba, katika digrii 0, hubeba gramu 4.8 za mvuke. Asilimia 80 yake ni gramu 3.9 hivi. Hewa hiyo inaingia nyumbani na kupashwa moto hadi digrii 20, ambapo mita ya ujazo ingeweza kubeba gramu 17.3. Gawanya 3.9 kwa 17.3: unyevu umeshuka hadi asilimia 22 au 23. Nje kuna theluji na ukungu, lakini ndani ya chumba hewa imekauka karibu kama ile ya ndani ya ndege. Mgeni anayetoka kwetu huona maji yaliyoganda kila mahali akadhani yumo katika nchi ya unyevu. Anatoa gitaa, analitundika ukutani juu ya kipasha joto, na kwenda zake kulala.

Ubao wa mbele wa gitaa kavu hutengenezwa mara nyingi kwa mti uitwao spruce, wa jamii ya misonobari, na katika sehemu yake pana zaidi una milimita 380 hadi 400. Mti huo, kwa jinsi unavyopasuliwa kwa kazi hii, hunywea kwa kiasi cha 0.0015 ya upana wake kwa kila asilimia moja ya maji inayopotea. Kutoka asilimia 11 hadi 5 ni asilimia 6. Zidisha 380 kwa 0.0015, kisha kwa 6: milimita 3.4. Ubao unataka kupungua milimita tatu na zaidi, lakini kingo zake zimegandishwa kwa gundi pande zote, na nyuma yake kuna mihimili iliyokatiza. Hauna ruhusa ya kunywea. Unapozidiwa, hupasuka kwa kufuata nyuzinyuzi zake, chini ya daraja linaloshika nyuzi.

Kazi hiyo huchukua siku, pengine wiki mbili au tatu. Kwa hiyo ufa unapoonekana, safari imekwisha kitambo, lakini ndilo tukio kubwa ambalo mwenye gitaa analikumbuka, na lawama huangukia angani.

Dalili za mapema zipo, nazo hutambulika kwa vidole kabla ya macho. Ubao wa shingo hunywea kwa upana, lakini vipande vya chuma vilivyopandwa juu yake, viitwavyo freti, havinywei. Ncha zake huanza kujitokeza pembeni na kumkwaruza mpigaji kiganjani. Akilihisi hilo, bado ana muda. Dawa yake ni rahisi: gitaa likae ndani ya sanduku lililofungwa kila lisipopigwa, na humo kiwekwe kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, chenye sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, isiyodondosha na isiyogusa mbao. Kipimaunyevu kidogo ndani ya sanduku hakigharimu sana; kikionyesha kati ya asilimia 45 na 55, mwenyewe na alale usingizi. Wanaokwenda Ulaya wakati wa kiangazi, msimu wa matamasha ya uwanjani, hawana shaka hii, kwa sababu vipasha joto huwa vimezimwa.

Safari ya kurudi ina hila yake tofauti. Sanduku lililotoka katika baridi ya sehemu ya mizigo likifunguliwa mara moja Dar es Salaam, penye joto la digrii 30 na unyevu mwingi, umande utashika juu ya nyuzi na vanishi kama unavyoshika chupa ya soda iliyotoka barafuni. Liachwe limefungwa saa chache mpaka lipate joto polepole. Na popote pale lisiachwe juani: ndani ya sanduku jeusi au gari lililofungwa joto laweza kufika karibu na digrii 60, na hapo gundi nyingi za mbao huanza kulegea. Daraja la gitaa, linalovutwa na nyuzi mchana kutwa, ndilo hung'oka kwanza.

MKOSAJI WA PILI: KUANGUKA

Nyuzi sita za chuma za gitaa kavu huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima, kilo 70 hivi. Tuchukue ule mwembamba kuliko zote. Mkazo wa uzi hupatikana kwa kuzidisha 4, uzito wa mita moja ya uzi, mraba wa urefu, na mraba wa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Uzi wa chuma wa unene wa milimita 0.305 una uzito wa gramu 0.573 kwa mita. Urefu unaotetema ni mita 0.648, mitetemo ni 330. Jibu ni nyutoni 105 hivi, kama kilo 10 na nusu zinazoning'inia. Ukiushusha uzi huo sauti moja nzima, mitetemo ikawa 294, mkazo unakuwa nyutoni 83. Umepunguza moja ya tano kwa kuzungusha kifungo kidogo tu.

Kulegeza kiasi hicho kunafaa, lakini si kwa ajili ya kimo. Kunafaa kwa ajili ya kichwa cha gitaa. Katika magitaa mengi kichwa kimeinama kuelekea nyuma, na pale kinapoungana na shingo nyuzinyuzi za mbao zimekatwa kwa mshazari. Hapo ndipo penye udhaifu kuliko popote. Nyuzi huvuta kichwa mbele. Sanduku likianguka, mwili wa gitaa husimama, lakini kichwa kilichobeba vifungo vya chuma hutaka kuendelea na mwendo wake kama Newton alivyotufundisha. Mbao iliyokwisha kuvutwa na nyuzi hupokea mshtuko juu ya mzigo.

Ukubwa wa mshtuko hutegemea umbali wa kusimamia. Kitu kikianguka mita 1 na kusimama ndani ya milimita 5, nguvu inayokisimamisha ni kama mara 200 ya uzito wake. Kikisimama ndani ya sentimita 5, ni mara 20. Kichwa cha gramu 400, katika hali ya kwanza, kitavuta kama mzigo wa kilo 80. Katika hali ya pili, kilo 8. Basi nguo zilizokunjwa na kushindiliwa chini ya kichwa, juu yake na kandokando, ndani ya sanduku gumu, ni kinga bora kuliko maandishi mekundu ya kuomba uangalifu. Kulegeza nyuzi zote kabisa hakusaidii zaidi, na kwaweza kuiacha shingo ipinde upande wa pili, kwa kuwa ndani yake mna ufito wa chuma unaopingana na mvuto wa nyuzi.

Mfano uliojulikana dunia nzima ni wa Mkanada Dave Carroll. Mwaka 2008, akiwa safarini kupitia Chicago kwa ndege ya United Airlines, gitaa lake lilivunjika katika kupakiwa na kupakuliwa. Matengenezo yalimgharimu dola 1,200. Baada ya miezi mingi ya kunyimwa fidia alitunga wimbo juu ya kisa hicho, na mwaka 2009 wimbo huo ukasikilizwa na mamilioni. Wengi wetu hatuna njia hiyo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania nayo imeuridhia, unamtaka abiria alalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo ulioharibika, na fidia ina kikomo isipokuwa abiria ametangaza thamani maalumu kabla ya kusafiri. Gitaa halina budi kukaguliwa pale pale uwanjani, likiwa bado na karatasi zake.

Kulibeba chumbani ni bora panapowezekana. Nchini Marekani kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2015 inayataka mashirika ya huko yakubali gitaa chumbani kama lipo nafasi wakati abiria anapoingia. Kwingineko hutegemea shirika, na swali liulizwe siku ya kukata tiketi. Ndege ndogo za Kisongo mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, katika mifuko laini. Sanduku gumu peke yake laweza kuwa na kilo 5.

VIKUZA SAUTI NA BETRI

Gitaa la umeme lenye mwili mzito usio na uwazi haliathiriki sana na ukavu, isipokuwa shingo yake. Taabu yake ni umeme wenyewe. Osaka, waliyoiendea Morogoro Jazz, hutumia volti 100 na mizunguko 60 kwa sekunde. Sisi hutumia volti 230 na mizunguko 50. Nguvu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo kipasha joto chetu kikichomekwa Osaka kitatoa chini ya moja ya tano ya nguvu yake, na kikuza sauti huenda kisizungumze kabisa. Huko hakuna kinachoungua. Msiba ni wa upande wa pili: kikuza sauti kilichonunuliwa Marekani kwa volti 120 kikiletwa Sombetini na kuchomekwa, hupokea karibu mara nne ya nguvu kiliyoundiwa. Kifaa cha plastiki kinachobadilisha umbo la plagi hakibadilishi volti hata moja. Inahitajika transfoma, au swichi ya nyuma ya chombo, ambayo isomwe kabla ya kuchomeka.

Betri za lithiamu za akiba husafiri chumbani tu, kamwe si katika sehemu ya mizigo, kwa sababu zikishika moto ni lazima mtu aweze kuzifikia. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 inahitajika ruhusa ya shirika. Betri ya akiba iliyoandikwa miliampia-saa 20,000, kwa volti 3.7, ina wati-saa 74, nayo hupita. Spika ya kubebeka yenye betri ya volti 14.8 na ampia-saa 10 ina 148, na mwenyewe aombe ruhusa mapema.

Jambo moja linatuhusu Watanzania zaidi ya wengine. Mpingo wetu, unaotumika kwa zumari za Kizungu na pia kwa ubao wa shingo wa baadhi ya magitaa, ni wa jamii ya Dalbergia. Tangu Januari 2017 jamii yote hiyo inalindwa na mkataba wa CITES juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kwa muda wanamuziki walihangaika na vibali. Tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika hazihitaji kibali hicho, ila zile za Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo iko katika orodha kali zaidi tangu 1992. Gogo la mpingo si ala iliyokamilika, na kibali chake kingali kinahitajika.

JARIBIO

Walimu wanaweza kulionyesha darasani jambo la ukavu bila gitaa. Utafutwe ubao mmoja wa msonobari, kama ule wa misitu ya kupandwa kwenye miteremko ya Meru, wenye upana wa sentimita 20. Likatwe pande moja la urefu wa sentimita 20 kufuata nyuzinyuzi, na jingine la sentimita 20 kukatiza nyuzinyuzi. Yafungwe yote mawili katika mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa kibichi, yasigusane nacho, kwa wiki mbili. Yapimwe kwa rula. Kisha yawekwe mahali pakavu penye uvuguvugu, juu ya rafu karibu na jiko, kwa wiki nyingine mbili, na kupimwa tena. Pande la kwanza halitaonyesha badiliko linaloonekana kwa rula. La pili litakuwa limepungua milimita kadhaa. Kama lilikuwa limepigiliwa misumari kwenye kingo zote mbili kabla ya kukaushwa, wanafunzi waangalie ufa umeanzia wapi.